Barua kwa mwanangu: wale wasiokuwapo

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kanisa lina kazi gani, maana Biblia unayo, mahubiri unayasikiliza ukiwa nyumbani, na kuomba unaomba. Nikanyamaza, ukadhani nimechukia. Sikuchukia, mama. Jibu la kwanza lililonijia ni lile la Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika pamoja, na hilo unalijua kwa moyo tangu shule ya Jumapili. Nikaona haya kukurudishia.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Karibu mwaka 155, mwalimu mmoja wa Roma, Yustino, alimwandikia kaisari Antonino Pio kumweleza Wakristo wakikutana Jumapili wanafanya nini. Husomwa maandiko ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu. Anayeongoza huonya na kufundisha. Wote husimama wakaomba. Huletwa mkate, divai na maji, kiongozi hushukuru, watu huitikia Amina, kila mmoja hupokea. Halafu mashemasi huwapelekea wale wasiokuwapo. Wenye uwezo hutoa wanachopenda, na kinachokusanywa huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Hapo kwenye wasiokuwapo ndipo huwa nakwama. Mama yako amechoka kunisikia: kanisa hupimwa kwa asiyekuwapo. Simu yako itakuletea mahubiri bora kuliko ya mchungaji wetu (usimwambie), lakini haitajua kwamba Jumapili hii hukusikiliza, wala haitakuja kubisha hodi.

Utaniambia hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii, hata asiyeamini anaiweza. Kweli, na mimi mwenyewe hujibishana hapo. Kanisa ni la kumwabudu Mungu kwanza. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Walutheri, linasema kanisa ni mkutano wa watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Katika fasili hiyo mjane hatajwi. Siwezi kusema walikosea. Lakini soma Yustino tena: kilichopelekwa kwa asiyekuwapo ni mkate uleule uliotoka mezani. Nikijaribu kutenga ibada upande huu na huduma upande ule, mkate huo unanikatalia.

Na tukitaja mkate, siwezi kuwaruka Wakorintho. Sura ile ya 11 ya barua ya kwanza Paulo aliyowaandikia hunichoma kila nikiifungua, kana kwamba mimi ndiye niliyeachwa mlangoni. Inaelekea walikuwa wakikutana jioni kwenye nyumba ya mtu mwenye nafasi. Chumba cha kulia cha nyumba ya Kirumi kilikuwa na makochi matatu ya kujilaza, watu tisa hivi basi. Wengine walibaki uani na ukumbini. Wenye nyumba na rafiki zao walikuwa na saa zao, mtumwa alikuja bwana wake alipomwachia. Akifika, chakula kimekwisha. Huyu ana njaa, na huyu amelewa, anasema Paulo. Mnawatahayarisha wasio na kitu. Wala hawakuwa wapagani hao! Waliimba, walinena kwa lugha, walikuwa na karama kuliko sisi sote, na bado Paulo anawaambia kwamba wanachokula si chakula cha Bwana. Dawa aliyowapa ni neno moja: mngojane. Ningekuwa na mamlaka ningeliandika juu ya kila mlango wa kanisa, mahali pa yale maneno ya kukaribisha.

Lakini kungojana kunataka utaratibu, huruma peke yake haitoshi. Yerusalemu kulikuwa na huruma tele, na bado wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuhubiri juu ya upendo siku ile. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na ukiyasoma majina yao katika Matendo 6, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Inaelekea mgao ulikabidhiwa upande uliokuwa ukilalamika. Mwaka 251 askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake lina mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Hesabu kama hiyo haipatikani bila mtu kushika daftari.

Na daftari lina namna yake ya kuharibika. Ukiorodhesha wanaohudhuria, mgonjwa anafutika taratibu bila mtu kukusudia, kwa kuwa hakuna aliyetia alama kwenye jina lake. Anza na kaya zote. Mpe kila mzee au shemasi kaya kumi, si arobaini. Baada ya ibada wakae dakika kumi wasome majina ya ambao hawakuonekana. Jumapili mbili zikipita, mtu aende kabla ya ya tatu, asiulize habari ya ahadi wala zaka, akae robo saa aondoke, maana mgonjwa huchoka na adabu humzuia kusema. Meza ya Bwana apelekewe siku hiyohiyo.

Mfuko wa wahitaji usichanganywe na wa ujenzi. Jengo halioni haya kuomba, mjane anaona. Vikichanganywa, paa litashinda kila mwaka. Fedha zihesabiwe na wawili wasio ndugu, kiasi kiandikwe na kutiwa sahihi kabla hawajatoka chumbani, na wa tatu apeleke benki. Paulo mwenyewe alipochangisha kwa ajili ya Yerusalemu hakubeba peke yake. Alimtuma Tito na ndugu wawili, mmoja amechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe mtu. Kama mtume alijikinga hivyo, mhazini wetu anaudhika kwa lipi? Na anayesaidiwa asitangazwe kwa jina. Nimekwisha kulisema hilo vikaoni hadi nikaonekana mkorofi.

Sasa lile ambalo hukuuliza, ila najua limo ndani ya swali. Kanisa lile ulilihama. Miezi ile mama yako alipolala mgonjwa, unajua nani alikuja na nani alituma ujumbe kwamba tunaombewa. Mimi nimebaki, wewe umeondoka, na kama mmoja wetu amekosea… Nilikuwa nimekwisha kuandika sentensi nzima hapa, nimeikata. Wewe ni mtu mzima.

Ila ukiingia kanisa lolote huko uliko, acha kwaya, acha vipaza sauti. Muulize mtu wa karibu nani anashika orodha ya wagonjwa, na mara ya mwisho ilisomwa lini. Akikujibu kwamba mchungaji anawajua wote, kaa ibada iishe, lakini uliza na mwingine.

Mama yako anakusalimu. Anatembea vizuri sasa, hadi lango la kanisa bila fimbo.

Baba yako