Waliochota tope la Ziwa Tanganyika
Kuna wanaosema waliochota tope la chini ya Ziwa Tanganyika kwa ajili ya utafiti ni maprofesa wa Marekani tu. Hapana, hawakuwa peke yao. Nyanza Project, mradi wa kuwafundisha wanafunzi utafiti wa ziwa uliokuwa unafanyikia hapa Kigoma, kiongozi wake alikuwa Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, hilo kweli, ila ndani walikuwemo watafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wanafunzi wa Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na ripoti zao za kila mwaka zina kazi za hao wanafunzi ukizitafuta utaziona. Na msiwasahau watu wa boti jamani, ziwa penye kina kirefu kabisa linafika mita kama 1,470, sasa bila nahodha anayelijua hupati tope lolote. Hela ndo kwa sehemu kubwa zilitoka Marekani.