Jibu kwa dada anayeuliza mmisionari kijijini anafanya nini kutwa nzima

Dada mleta uzi, umesema mdogo wako amepata daraja la upadre katika shirika la kimisionari na amepangiwa parokia ya kijijini huku pwani, na mama yenu hana usingizi. Anauliza: misa inachukua saa moja tu, je, saa zilizobaki mwanangu atakuwa anafanya nini? Mimi nilikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini, katika parokia moja ya Bagamoyo vijijini, na kwa miaka tisa nilizunguka vigangoni, vile vituo vidogo vya parokia vilivyo mbali, na padre mmisionari kutoka Ulaya. Nitakujibu kwa niliyoyaona kwa macho yangu.

Hiyo misa ya alfajiri ni kweli ni fupi. Wanakuja masista, wazee wachache na wanafunzi wenye sare. Kazi inaanza padre akishavua kanzu, maana kwenye benchi la barazani watu wameshakaa. Huyu mtoto karudishwa shule kwa ada, yule hana nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali, wale wawili ni mke na mume ambao hawasemezani tangu Pasaka. Jirani Mwislamu anaomba gari likachukue maiti ya ndugu yake Dar. Padre alikuwa na daftari la jalada gumu, anaandika kila shida na kila shilingi. Watu hudhani mmisionari ana fedha isiyokauka. Niliona siku alipomwambia mama mmoja, "Leo sina, mama," na kweli hakuwa nayo, kisha mchana akashindwa kula. Mahubiri aliyamudu na barabara aliizoea, lakini neno hilo hakulizoea hata mwaka wa tisa.

Siku nyingine zote ni vigangoni. Tulikuwa na vigango kumi na kimoja, kwa hiyo kigango kinamwona padre mara moja kwa mwezi, na masika yakikolea hata miezi miwili. Jumapili zilizobaki katekista anaongoza ibada ya neno peke yake.

Sanduku la misa nilikuwa nalifunga mimi usiku. Kalisi, kikombe cha misa, naiviringisha kwenye taulo, naweka chupa ya divai, mishumaa miwili, kitabu cha misa na mafuta ya wagonjwa. Hostia, ile mikate myembamba ya komunyo, zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana, chini yake punje za mchele zilizofungwa kwenye kitambaa, kwa sababu unyevu wa pwani huzilegeza hostia zikajikunja kingo. Halafu nahesabu hostia za kutosha watu. Huku kwetu si Moshi wala Songea, wenyeji wengi ni Waislamu. Kigango kinaweza kuwa watu kumi na wanane chini ya mwembe, nusu yao ni watu wa kuja: mwalimu, muuguzi wa zahanati, vibarua wa mashamba ya mananasi. Padre aliendesha kilomita 40 za vumbi kwa ajili ya hao kumi na wanane. Anaketi kwanza kwenye kigoda pembeni anaungamisha, ndipo misa, kisha kikao, kisha tunapita nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa. Mwisho ni chakula, na chakula hakikataliwi hata kama ni nyumba ya tatu kukukaribisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo mdogo wako alishike. Padre huyu alisoma Kiswahili miezi kadhaa kwenye shule ya lugha ya Makoko, Musoma, kabla ya kuja kwetu, na sarufi yake ilikuwa safi kuliko yangu. Mwaka wake wa kwanza alifariki mzee mmoja Mkristo, ambaye nusu ya ukoo wake ni Waislamu. Tulifika msibani, padre akavaa stola, kile kitambaa kirefu cha shingoni, akafungua kitabu, akaanza sala. Hakutoa pole na hakukaa mkekani. Watu walinyamaza. Bibi mmoja wa Kikwere akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mgeni wako amemzika babu kabla sisi hatujamlilia."

Nilimwambia ndani ya gari. Hakujitetea. Kesho yake alirudi bila kanzu, na sukari mkononi, akakaa mkekani na wanaume tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kitabu hakukifungua. Tangu siku ile, msiba wowote, wa Mkristo au Mwislamu, anatoa pole na kukaa kwanza.

Mchangiaji mmoja hapo juu ameandika kwamba wamisionari waliletwa na mkoloni. Kwa Bagamoyo haiko hivyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la kimisionari la Kikatoliki, walifika 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na kutoka hapo wakaingia bara, Mhonda 1877, Mandera 1881. Utawala wa Wajerumani ulikuja baadaye. Sisemi hawakuwa na makosa: waliokombolewa waliishi kwa kengele na amri za mapadre, na serikali ya Kijerumani ilipokuja, misheni ilikaa nayo vizuri. Hilo lisemwe. Lakini ukifika Bagamoyo nenda pia makaburini pale misheni. Wengi waliolala pale walikufa vijana, kwa homa. Padre wangu alipotoka kulazwa kwa malaria, amekonda, aliomba nimpitishe pale kabla ya kurudi kijijini. Alipita kaburi kwa kaburi akisoma umri wao kwa sauti, kisha akasema twende, kesho kuna kigango.

Mama yenu ajue pia kwamba kuna upweke. Jenereta ilizimwa saa tatu usiku, na baada ya hapo ni yeye, redio na mbu. Mwaka wa tano alipigiwa simu kwamba mama yake mzazi amefariki kwao, na mvua ilikuwa imekata barabara. Asingewahi mazishi. Alinieleza huku amesimama, akaenda kusali misa ya asubuhi kama kawaida. Alipotoka kanisani alikuta mikeka imetandikwa barazani kwake. Waliotangulia kufika ni ukoo wa yule mzee, Wakristo na Waislamu pamoja. Hakuna aliyesema neno refu. Walisema "pole, Padre," wakakaa. Yule bibi alikuja na chungu cha uji, akamshikisha kikombe kama mtoto. Walikaa siku tatu kwa zamu, na hapo ndipo nilipomwona analia.

Kwa hiyo dada, mdogo wako akipangiwa huku wakati wa masika mnunulieni viatu vya mpira vya kufika gotini, chandarua kizuri na tochi ya kichwani. Aamkie wakubwa "shikamoo" hata kama yeye ndiye padre. Na amtafute katekista wake wiki ya kwanza, amuulize misiba ya hapo inakaliwaje. Hilo kopo la maziwa lenye mfuniko wa kubana asibebe kutoka mjini, masista huwa nayo jikoni.