Cream: anza na besi, gitaa utalisikia tu

Mleta mada ameuliza aanzie wapi kuwasikiliza Cream, bendi ya rock ya watu watatu kutoka Uingereza, kwa kuwa alijaribu mara moja, akakutana na "Spoonful" ya jukwaani yenye zaidi ya dakika 16, akaizima kabla haijafika nusu. Simlaumu, maana nami nilianza vibaya.

Kanda yangu ya kwanza ya Cream nilirithi kwa mjomba, nikawa naipiga kwenye redio yenye spika moja, ndogo kama kisahani cha chai. Spika ile ilimeza sauti zote nzito, likabaki gitaa la Eric Clapton likilia juu ya kishindo cha drams, nami kwa miaka kadhaa nikaamini kwamba hii ilikuwa bendi ya mpiga gitaa mmoja na wasindikizaji wawili. Siku nilipoazima hedifoni nzuri na kuweka "Crossroads", ndipo nilipogundua kwamba theluthi nzima ya bendi ilikuwa haijawahi kunifikia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na "Crossroads" hiyo hiyo, iliyorekodiwa jukwaani San Francisco mwezi Machi 1968 na kutolewa katika albamu ya Wheels of Fire. Ni ya dakika nne na ushee tu, na asili yake ni blues ya Robert Johnson ya mwaka 1936. Isikilize mara ya kwanza upendavyo. Mara ya pili, solo refu la pili likianza, mwache Clapton aende zake na umfuate Jack Bruce kwenye besi. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea kwamba mpiga solo akiondoka, yupo mtu wa rithim anayeshikilia wimbo nyuma yake. Cream hawakuwa na mtu huyo. Clapton akiondoka hakuna anayebaki nyumbani, na Bruce, badala ya kukaa mahali pamoja, naye anapanda juu, anajibu, anakatiza, huku Ginger Baker akiwasukuma wote wawili kwa ngoma zake mbili kubwa za miguu. Wimbo unakaribia kumwagika, lakini haumwagiki.

Ushindani huo haukuwa wa muziki peke yake. Bruce na Baker walikuwa wamekwisha gombana vibaya katika bendi ya Graham Bond, hadi Baker akamfukuza Bruce; kisha mwaka 1966 Baker alipomfuata Clapton ili waunde kundi jipya, Clapton alikubali kwa sharti kwamba Bruce awemo. Walijiita Cream, yaani wao ndio malai ya wanamuziki wa London, jina la majivuno ambalo, kusema kweli, walilistahili. Malai hayo hayakukaa sana: Novemba 1968 waliagana na mashabiki Royal Albert Hall, na Baker baadaye akahamia Lagos, akapiga na Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, jambo ambalo halitamshangaza aliyemsikiliza kwa makini.

Baada ya hapo nenda kwenye nyimbo za studio. "Sunshine of Your Love" ya 1967 imejengwa juu ya kipande kifupi cha besi alichokitunga Bruce, na "White Room" inafunguliwa kwa mapigo matano matano kabla ya kurudi kwenye manne. Ukihesabu kwa vidole utaona mguu wako ulipokosea. "Toad", lile solo la drams, iache kwanza, maana mimi mwenyewe huiruka mara nyingi.

Mwisho ndiyo urudi kwenye "Spoonful". Tanguliza ya Howlin' Wolf ya 1960, iliyotungwa na Willie Dixon, kisha ile ya studio ya Cream ya 1966, ambamo Bruce anaimba na kupiga kinanda cha mdomo. Utaona kwamba wimbo wote unazunguka karibu kodi (chord, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) moja tu, na ndiyo sababu jukwaani waliweza kuuvuta kiasi kile: hakuna kona inayowalazimisha kurudi. Kwa hiyo usisubiri kiitikio katika dakika zile 16. Sikiliza nani anaongoza kwa wakati ule, na uangalie, mara nyingi si Clapton. Na tafadhali, usiipige kwa spika ya simu.