Prosija ya ghala inakubali kwenye phpMyAdmin, inagoma kwenye PHP

Swali

Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Natengeneza mfumo wa wavuti kwa ajili ya ghala la nafaka la familia yetu. Karani anapokea mahindi na alizeti, anapima gunia moja moja, mfumo unatoa risiti na kuongeza salio la mkulima. Natumia PHP 8 na MySQL, na kazi ya kupokea nimeiweka kwenye prosija, yaani kifungu cha amri za SQL nilichokihifadhi ndani ya kanzidata, inaitwa pokea_mzigo. Nikiiita kwenye phpMyAdmin, ule ukurasa wa kusimamia kanzidata, haina shida. Nikiiita kwenye PHP mzigo unaingia, ila hoja, yaani swali la SQL, inayofuata kwenye ukurasa uleule inakatika na kosa namba 2014. Parameta ya OUT, ile ya kurudisha jibu, yenye namba ya risiti nayo hairudi. Juzi tena karani alipima lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, prosija ilitakiwa ikatae gunia linalozidi kilo 100, lakini ukurasa ukaandika "Mzigo umepokelewa" wakati kwenye jedwali hakuna kitu. Rafiki yangu ananiambia niachane na prosija kabisa. Nimekuambatanishia msimbo. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Hili la lumbesa umeliweka mwishoni, mimi naanza nalo. Kosa 2014 linakusumbua wewe unayeandika programu. Hili lingine linamuumiza mkulima, kwa sababu ameacha gunia lake ghalani, ameambiwa limepokelewa, na siku ya malipo jina lake halitakuwa na hizo kilo. Wala hakuna logi itakayokuonyesha kilichotokea.

Chanzo kipo juu kabisa ya prosija yako:

```
DECLARE EXIT HANDLER FOR SQLEXCEPTION
BEGIN
  ROLLBACK;
END;
```

Hapa umeiambia MySQL hivi: likitokea kosa lolote, futa ulichofanya, kisha utoke. Hukuiambia imjulishe aliyekuita. Kwa MySQL, kosa lililoshikwa na kishikio cha namna hii limeshashughulikiwa, kwa hiyo PHP inapokea jibu la salama. SIGNAL yako, ile amri ya kurusha kosa, ya kukataa lumbesa umeiandika sawasawa, ila kishikio chako mwenyewe kinaimeza kabla haijavuka mlango. Tiba yake ni neno moja chini ya ROLLBACK, yaani `RESIGNAL;`, linalolirusha kosa lilelile kwenda kwa aliyeita. Lipo tangu MySQL 5.5, basi seva yako itakuwa nalo.

Lakini kwako wewe sitaki tuishie hapo. Mstari wa kwanza wa PHP yako ni beginTransaction, unaofungua muamala, yaani kundi la mabadiliko yanayoingia yote au yasiingie kabisa, halafu unaingiza rekodi ya gari lililoleta mzigo, halafu ndipo unaita prosija. Nayo prosija ndani yake ina START TRANSACTION na COMMIT. MySQL haijui kuweka muamala ndani ya muamala. Ikikutana na START TRANSACTION huku muamala mwingine uko wazi, kwanza inauthibitisha ule wa zamani, kimyakimya, ndipo inafungua mpya. Maana yake rekodi ya gari imeshakaa kwenye jedwali moja kwa moja kabla prosija haijapima hata kilo moja. Lumbesa ikikataliwa, kilo zinarudishwa, gari linabaki. Fungua jedwali la magari ulitazame leo. Natarajia utakuta magari yaliyoingia ghalani bila mzigo wowote.

Ni hiyohiyo sababu PHP 8 inalalamika kwamba hakuna muamala ulio wazi pale unapofika kwenye commit. Kwenye msimbo wako nimeona umeizima ile hitilafu kwa kuiwekea catch tupu. Itoe. Ilikuwa inakuambia kweli.

Muamala uwe na mwenyewe mmoja. Kama prosija ingefanya kazi yote peke yake, ningekuambia muamala ukae ndani yake, na RESIGNAL iwepo. Kwa kuwa wewe unaandika gari kutoka PHP na mzigo kutoka prosija, na vyote viwili lazima viingie pamoja au vikose pamoja, mwenye muamala awe PHP. Basi futa kwenye prosija START TRANSACTION, COMMIT, na kishikio chote. Ndiyo, chote. Bila kishikio, kosa linapanda lenyewe hadi PHP, na PHP ndiyo inayorudisha kila kitu nyuma. Hakikisha tu majedwali yote matatu ni ya InnoDB, aina ya jedwali inayokubali muamala. Ukiwa na jedwali la zamani la MyISAM, hilo halirudi nyuma hata uliite rollBack mara kumi.

Sasa 2014. Prosija ikiwa na SELECT ndani yake, CALL haileti jibu moja. Inaleta matokeo ya kila SELECT, kisha mwishoni inaleta kifurushi kingine kinachosema kazi imekwisha. Wewe umesoma mstari wa risiti ukageuka kuuliza hoja nyingine, huku hicho kifurushi cha mwisho bado kiko njiani kwenye muunganisho uleule. MySQL hairuhusu swali jipya kabla ya jibu la zamani kupokelewa lote. phpMyAdmin haigomi kwa sababu inayasoma yote hadi mwisho bila wewe kuona. Kwenye PDO, njia unayotumia kuunganisha PHP na kanzidata, ukishachukua unachotaka, ita closeCursor, itapokea na kutupa yaliyobaki. Ukitumia mysqli, njia nyingine ya PHP ya kuunganisha, zungusha more_results na next_result mpaka viishe. Nimewaona watu wakikwepa kosa hili kwa kufungua muunganisho wa pili kwa ajili ya hoja inayofuata. Usifanye hivyo. Muunganisho wa pili hauko ndani ya muamala wako, hauoni mzigo ambao bado hujauthibitisha, na ukijaribu kubadilisha mstari uleule utasubiri kufuli ambalo wewe mwenyewe umelishika upande wa pili.

Kuhusu OUT, kiendeshi cha PDO cha MySQL hakikuletei parameta ya OUT kwa kuifunga kwenye kigeugeu cha PHP kama ulivyojaribu. Njia inayofanya kazi ni kupitisha kigeugeu cha kikao, `CALL pokea_mzigo(?, ?, ?, @risiti)`, kisha kuuliza `SELECT @risiti` kwenye muunganisho uleule. Inafanya kazi, ila kwa mfumo wako siipendi. Kigeugeu cha kikao kinaishi na muunganisho, na ukitumia miunganisho ya kudumu unaweza kukuta humo namba iliyoachwa na ombi lililopita. Risiti ya mkulima mmoja ikichapwa na namba ya mwenzake, utaeleza nini? Ondoa OUT, na mstari wa mwisho wa prosija uwe huu:

```
SELECT LAST_INSERT_ID() AS risiti;
```

Usimamie jambo moja: SELECT hiyo iitwe kabla hujaingiza kitu kingine chenye namba ya kujiongeza, la sivyo itakupa namba ya hicho kingine. Kama lazima uingize, ihifadhi kwanza kwenye kigeugeu cha ndani ya prosija. Na ile hesabu yako ya MAX(namba) + 1 itoe leo hii. Makarani wawili wakibonyeza kwa pamoja wakati wa msimu, wote wawili watasoma MAX ileile. AUTO_INCREMENT haiwapi namba moja, na LAST_INSERT_ID ni ya muunganisho wako tu, haichanganyiki na ya karani wa jirani.

Upande wa PHP utabaki hivi:

```
$pdo->beginTransaction();
try {
    $gari->execute([$namba_gari, $dereva]);
    $st = $pdo->prepare('CALL pokea_mzigo(?, ?, ?)');
    $st->execute([$mkulima, $zao, $kilo]);
    $risiti = $st->fetchColumn();
    $st->closeCursor();
    $pdo->commit();
} catch (PDOException $e) {
    if ($pdo->inTransaction()) {
        $pdo->rollBack();
    }
    throw $e;
}
```

Anayelipokea kosa hilo huko juu aangalie `$e->errorInfo[0]`. Ikiwa ni 45000, hiyo ni SIGNAL yako, na ujumbe wake unamfaa karani: gunia limezidi kilo 100, lipunguzwe, lipimwe upya. Ikiwa ni namba nyingine, iandike kwenye logi na umwambie karani mzigo haujapokelewa. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo anayoyahitaji pale kwenye mzani. Tangu PHP 8.0, PDO inarusha makosa yenyewe bila kuambiwa, ila kwenye faili lako la muunganisho umeirudisha kwenye hali ya kimya. Ufute mstari huo.

Alama za kuuliza ulizotumia badala ya kuunganisha maandishi, hapo umefanya vizuri, endelea hivyohivyo. Ila watu wengi wanadhani prosija yenyewe tu inawakinga na mtu anayechomeka SQL yake kwenye fomu. Ukiunga maandishi kwa CONCAT ndani ya prosija kisha ukayatekeleza kwa PREPARE, umemfungulia mlango wa nyuma.

Kuna kitu kimoja hukuniuliza, nami nimekiona nikashtuka. Parameta yako inaitwa mkulima_id, na safu kwenye jedwali nayo inaitwa mkulima_id. Halafu umeandika:

```
UPDATE wakulima
SET salio = salio + kilo
WHERE mkulima_id = mkulima_id;
```

Ndani ya prosija ya MySQL, jina likigongana, parameta ndiyo inayoshinda. Sharti lako linalinganisha parameta na parameta yenyewe, nalo ni kweli kwa kila mstari. Gunia moja likipokelewa, wakulima wote wa ghala wanaongezewa kilo. Mimi yalinikuta miaka ya nyuma kwenye ghala moja la alizeti upande wa Singida. Tuligundua jioni, wakati mzee mmoja ambaye hakuleta kitu siku hiyo alipoonyeshwa salio limepanda. Tulikaa siku tatu mimi na karani, tukirudisha salio mkulima mmoja mmoja kutoka kwenye vitabu vya risiti za karatasi. Toka siku hiyo parameta zangu zote zinaanza na p_, yaani p_mkulima, p_zao, p_kilo, na vigeugeu vya ndani vinaanza na v_. Kwa kuwa umesema mfumo wako umeshaanza kutumika, linganisha salio la kila mkulima na jumla ya mizigo yake kabla ya kitu kingine chochote.

Nije kwa rafiki yako. Hakukosea kabisa. Prosija zina gharama: ni ngumu kuzifanyia majaribio, na mtu akizibadilisha moja kwa moja kwenye seva hakuna anayejua kilichobadilika. Lakini ile sababu ya kuokoa safari za mtandao, ambayo watu huisema sana kuzitetea, kwako haina uzito mkubwa, kwa kuwa PHP na MySQL yako viko kwenye mashine moja. Ningeziacha kwa sababu nyingine. Ukiwa na ukurasa wa karani leo na programu ya simu kesho, sheria ya kupokea mzigo inabaki sehemu moja, na unaweza kumpa mtumiaji wa programu ruhusa ya EXECUTE tu bila kumruhusu kugusa jedwali la salio. Orodha, ripoti na utafutaji viache kwenye PHP, havina haja ya prosija. Na kama rafiki yako anatumia PostgreSQL, ajue mambo yake ni tofauti: prosija za kuitwa kwa CALL ziliingia toleo la 11, mwaka 2018, na kabla ya hapo watu walitumia funksheni zinazoitwa kwa SELECT.

Kila prosija iwe na faili lake la SQL ndani ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, pamoja na msimbo wa PHP. Neno DELIMITER unaloliandika juu ya faili ni amri ya programu ya mteja, siyo ya seva, kwa hiyo ukilipitisha kwenye PDO utapata kosa la sintaksia. Na ukitoa nakala ya kanzidata kwa mysqldump, programu ya MySQL ya kutoa nakala, ongeza `--routines`. Bila hiyo, nakala inabeba majedwali na triga (amri zinazojiendesha jedwali likibadilika), prosija zinabaki nyuma. Ukihamia seva nyingine ukakutana na kosa 1449, ujue prosija inamtafuta mtumiaji aliyeiunda, na huko hayupo. Iunde upya kwa mtumiaji wa seva hiyo.

Ukimaliza marekebisho, fanya jaribio hili kwenye nakala ya kanzidata. Pokea gari lenye gunia la kilo 104. Ukurasa ukatae kwa ujumbe wako mwenyewe, jedwali la magari lisiwe na mstari mpya, na salio la mkulima libaki lilivyokuwa. Kisha pokea gunia la kilo 98, uone ni mkulima mmoja tu aliyeongezewa. Niandikie tena kama jaribio la kwanza litaacha gari jedwalini.