Ukiwa mwanamuziki wa safari, wanyama nao watakuja shoo

Wadogo zangu wanaoanza bendi huwa wananiuliza mambo ya malipo, promota yupi msumbufu, gesti ipi ina maji. Hakuna anayeuliza kuhusu nyani. Mimi napiga besi kwenye bendi ya dansi, maisha yangu ni Kosta na Fuso la vyombo, Dar, Moro, Iringa, Mbeya, tunageuza, na nilichokuja kuelewa ni kwamba wale viumbe wala hawatokei tu kwa bahati mbaya. Bendi inatembea na taa, joto na msosi, yaani kila kitu wanachokitaka.

Tuanze na taa. Mvua za kwanza zikinyesha mchana halafu usiku mna shoo ya nje, jiandae na kumbikumbi. Hawaji mmojammoja aisee, wanakuja wingu zima, mwimbaji anafungua mdomo apande juu anajikuta anatafuna, mpiga tumba anapiga huku amefumba macho, mabawa yanaingia kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, mpaka vile vitufe vya kusukuma vinagoma. Sisi siku hizi fundi mitambo anawasha taa moja kali kule nyuma karibu na ukuta, za jukwaani anazipunguza, na mikisa inafunikwa kanga. Wamama wa pale wakiona hiyo taa wanaleta beseni la maji wanaliweka chini yake, kesho asubuhi kumbikumbi wanakaangwa na chumvi, kila mtu kafaidi.

Joto ndio baya zaidi. Amplifaya ikizimwa inabaki na uvuguvugu muda mrefu, mjusi anaingia kulala, mnawasha kesho yake anaunguza saketi na yeye mwenyewe anakufa. Spika za besi zenye tundu mbele nazo hoteli kabisa. Kuna siku Ifakara tumemaliza kupiga, boksi limekaa chini usiku kucha, dogo mmoja anataka kulinyanyua asubuhi fundi akamwambia "subiri kwanza dogo, ligonge." Akaligonga kwa fimbo, kichwa cha nyoka kikachungulia taratibu kwenye lile tundu, kikarudi ndani. Tulikaa nalo mbali mpaka nyoka alipojitokeza mwenyewe akaenda zake kwenye majani. Kwa hiyo piga wavu wa chuma kwenye matundu yote, na usiingize mkono kwenye kishikio cha boksi bila kumulika. Viatu vya jukwaani pia vikung'ute, nge anavipenda.

Sasa barabara. Ile ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi, spidi mwisho 70 na usiku inashuka 50, na kuna bango lina bei ya kila mnyama ukimgonga, kwa dola. Mapromota wanapenda kukwambia "pigeni Moro leo mpaka saa nane, kesho mchana muwe Iringa," na wanamuziki wanataka kuondoka hapohapo jasho halijakauka. Kataeni. Laleni Moro. Usiku mnyama mdogo unamjua kwa macho yanavyowaka, ila twiga macho yake yako juu kuliko mwanga wa taa za gari, unachokiona ni miguu tu, kama nguzo za umeme zinavuka barabara, na ukishaiona hiyo miguu umeshachelewa kufunga breki. Tembo naye rangi yake na lami ni kitu kimoja. Dereva aliyekesha ukumbini hawezi hiyo kazi.

Na ndani ya hifadhi msitupe maganda ya ndizi dirishani. Wale nyani wanaokaa pembeni ya lami wamezoeshwa na abiria, wanakaa pale kusubiri, ndio maana wanagongwa kila leo. Gari likiharibika fungeni vioo, mkate wa mpiga solo utaondoka na mfuko wake.

Kanda ya ziwa, Mwanza, Musoma huko, kuna kumbi nzuri za ufukweni. Kiboko anashinda majini, giza likiingia anatoka kula majani, na bustani ya hoteli kwake ni majani tu. Msiende kuvuta sigara ufukweni wakati wa mapumziko, ukisimama kati yake na maji umeisha, ule mwili wote unakimbia kukuzidi wewe.

Pwani kwetu huku afadhali, kuna komba. Analia kama mtoto mchanga juu ya mnazi, wageni wanaruka vitandani. Anapenda tembo la mnazi kupita kiasi, si bure mlevi anafananishwa na komba, kwa hiyo glasi zenye mabaki msiache nyuma ya jukwaa. Akiingia chumba cha vyombo msimfukuze na fagio, ataruka juu ya kinanda awaharibie. Zimeni taa, acheni mlango wazi, nendeni mkale.