Kwa mwalimu anayepanda boti Mokowe kuja Lamu

Mbaazi nilizirowesha jana baada ya isha, na sasa zinatokota juu ya seredani hapa uani. Unga wa mahamri umeumuka, iliki inanukia hadi ukumbini. Hili ndilo pishi langu nikishikwa na hamu ya shule, na Januari hamu hiyo hainipi nafasi: watoto wapita kichochoroni na viatu vipya, nami nasimama na mwiko mkononi nikihesabu sauti ninazozijua.

Nilifundisha Kiswahili hapa Amu, ndiyo Lamu, miaka 11. Niliacha mama alipopooza, maana hakukuwa na mwengine wa kumgeuza na kumlisha. Kuacha sikujutii. Kuna mambo mengine ninayoyajutia, na ndiyo nataka kukwambia wewe uliyeshuka basi Mokowe juzi na barua ya TSC, tume inayoajiri walimu, mfukoni.

Mwalimu mmoja mgeni, kijana wa bara, wiki yake ya kwanza aliitwa na mtoto aliyekwama na zoezi: "Mwalimu, ndoo!" Akamjibu ndoo ziko stoo. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mtoto alikuwa akimwambia njoo. Yule kijana alicheka nao, akajifunza, mwisho wa muhula akawa anasema "ndoo" kuliko sisi.

Mimi mzawa ndiye niliyekosea zaidi. Nilikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyependa kuandika. Insha yake moja ilimhusu babu yake nahodha: kurasa mbili zimejaa "mato" (macho), "ndia" (njia), "yeo" (leo), "mai" (maji). Nyumbani kwetu nasema hivyo hivyo. Lakini nilishika kalamu nyekundu nikayakata yote, nikampa alama 14 kwa 40. Insha iliyofuata ilikuwa nusu ukurasa, haina kosa hata moja, na haina babu wala bahari.

Mwaka 1928 wakubwa walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sawa, mtihani lazima uwe na lugha moja. Lakini tenzi za kale tunazojivunia, nyingi zilitungwa kwa lahaja hizi za huku kaskazini. Mtoto anayeandika "mato" hajakosea Kiswahili, ameandika kisichotahiniwa tu. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo.

Nilichokuja kukifanya baadaye ni kugawa ubao mara mbili, ya nyumbani huku, ya mtihani kule. Mato, macho. Kitwa, kichwa. Kuteka, kucheka. Ndia, njia. Sikuwaeleza kitu. Waliigundua kanuni wenyewe, na mmoja akauliza kama "mtu" basi aandike "mchu". Kipindi ni dakika 35. Siku hiyo kengele ililia hakuna aliyeinuka. Ningekuwa na daftari la maswali kama hilo leo, ningekuwa tajiri. Wewe liweke.

Kazi ya nyumbani iwe kidogo. Wengi wao wakitoka kwako huenda chuoni kusoma Kurani, warudi magharibi wamechoka. Na mfungo sita, Maulidi yakifika, usipange jaribio kisha ukalaumu rejista.

Wazazi wafuate barazani kwao. Barua ya kuwaita shuleni huwatia hofu, hudhani mtoto amefukuzwa. Kaa, salimia kwa ukamilifu, ukiletewa chakula kula. Nilipata habari nyingi za wanafunzi wangu juu ya sahani ya mbaazi kuliko katika mkutano wowote wa wazazi.

Hizi zangu sasa zimeiva. Nazi nimekuna kwenye mbuzi, tui jepesi lilitangulia, lile zito natia sasa, moto nimeupunguza, na sifuniki. Tui likipata moto mkali hukatika, likawa maji na mafuta, na hakuna la kulirudisha. Napika za watu sita ingawa tuko wawili; mazoea ya kupelekea wenzangu stafrumu hayajanitoka. Nikishamlisha mama nitampa mtoto wa jirani bakuli alipeleke shuleni, kwa walimu wa zamu.

Mama ananiita chumbani. Tangu apooze maneno yamembakia machache, na hili halijampotea. "Ndoo," asema. Naepua chungu, naenda.