Mashaka hayajakutoa katika imani

Dada mpendwa katika Kristo, unauliza kama bado una imani, ilhali tangu genge lako la mboga lifungwe kwa deni la kodi ya pango unasali huku ukijiuliza kama kuna anayesikia. Katika Marko 9:24, baba wa kijana mgonjwa alilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na Yesu, bila kumtaka kwanza aimarishe imani yake, alimponya mwanawe. Sala fupi kama hiyo inakutosha kwa usiku wa leo. Paulo naye, akiwa kifungoni, anasema katika Wafilipi 4:11 kwamba amejifunza kuwa radhi. Amejifunza, hakuzaliwa hivyo. Kuridhika huko (wengi hudhani ni kukata tamaa) hakukuzuii kwenda kesho kwa mwenye eneo kuomba ulipe kidogo kidogo.